Gari jipya, injini inagonga? Anza na karatasi

Ukipeleka gari jipya kwa waliokuuzia kwa sababu injini inagonga au inakula oili, usiondoke pale kabla malalamiko yako hayajaandikwa kwenye karatasi ya kazi, ile wanayojaza wakipokea gari. Na yaandikwe kwa maneno yako: "inagonga asubuhi ikiwa baridi, dakika mbili za kwanza." Wakiandika tu "ukaguzi wa kawaida", kataa kusaini. Hiyo karatasi ndiyo itakayoonyesha tatizo lilianza dhamana ikiwa hai, na gari umelirudisha mara ngapi. Omba nakala kila safari, hata wakisema hawakuona kitu.

Maana watasema hivyo. Injini ikishapata moto kelele hupotea, na wewe umefika kwao umeendesha nusu saa! Waachie gari lilale hapo, fundi aliwashe asubuhi nawe umesimama pembeni. Nyumbani rekodi video kuanzia kabla ya kuwasha, dashibodi ionekane na kilomita zake. Kama ni oili, piga picha ya kijiti cha kupimia kila wiki, gari likiwa mahali tambarare.

Wakikwambia "magari haya yote yako hivyo", waombe wawashe jingine la aina hiyo hiyo, likiwa baridi pia. Mimi hili ndilo nalipenda zaidi.

Usimruhusu fundi wa nje aifungue injini. Utawapa sababu ya kuikana dhamana. Wakizungusha, mwandikie mtengenezaji moja kwa moja, ukiambatisha karatasi zote.