Kulisoma kundi la kima punju: hatua kwa hatua

Kazi hii nimeifanya pembezoni mwa msitu wa Jozani, Unguja, kwa daftari, penseli na darubini. Kima punju asili yake ni Unguja tu. Wachache walihamishiwa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Ukikosea hesabu yake hapa, hakuna nchi nyingine ya kwenda kumhesabu upya.

1. Fika alfajiri, ukiwa mzima
Ukiwa na mafua, baki nyumbani, kwani maradhi yetu ya kifua huwapata na wao. Usiwape chakula, usiwaguse. Wa Jozani wamezoea watu na watakusogelea. Wakifanya hivyo, rudi nyuma wewe.

2. Hakikisha ni punju
Kima wa kawaida, yule wa kijivu, hutembea nao mara nyingi, na wageni wa kazi huwahesabu pamoja. Punju ana uso mweusi, pua na midomo ya waridi, na nywele ndefu nyeupe zilizomzunguka uso kama mvi za mzee. Mgongo ni mwekundu wa kahawia, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe. Ukibaki na shaka, tazama kiganja: kidole gumba hakipo, au kimebaki kibonge tu. Vidole vinne vilivyosalia hushika tawi kama ndoano.

3. Hesabu wakivuka
Usihesabu wakiwa wametawanyika kwenye majani. Tafuta mahali miti ilipoachana, ukae, usubiri. Huruka mmoja mmoja, aghalabu kwa tawi lilelile. Kundi la 30 hadi 50 si ajabu. Andika dume, jike, kijana, na jike mwenye mtoto. Hapo kwenye watoto ndipo wengi tunapokosea, maana kichanga hujibana tumboni kwa mama na kuruka naye bila kuonekana. Mtazame kila jike chini ya kifua kabla hujaweka alama.

4. Andika wanachokula
Kila baada ya dakika kumi, chagua mnyama mmoja na uandike mti na sehemu anayokula: jani changa, chipukizi, ua, tunda bichi. Ubichi ni muhimu kuuandika. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na ndani yake bakteria huchachusha majani. Tunda bivu lenye sukari nyingi huivuruga kazi hiyo.

Majani ya mwembe na mkungu yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali zinazodhuru usagaji wa chakula. Dawa yao ni makaa. Huyaokota penye tanuri za zamani au visiki vilivyoungua, wakayatafuna, nayo makaa hunyonya zile kemikali. Nimeona mtoto akichomoa kipande mdomoni mwa mama yake na kukila. Ukiona makaa, acha kila kitu uandike nani kala na baada ya majani gani.

Punju maana yake sumu, na wazee waliamini mti anaoula hufa. Wakulima nao walimlaumu kwa nazi changa, ila utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya karibu na Jozani haukuona mavuno yakipungua kwa sababu yake.

5. Kaa nao adhuhuri
Wengi hufunga daftari wakati huu, nami naona ndio wakati bora. Matumbo yamejaa, kundi limetulia, na uhusiano unaonekana. Andika nani anampekua nani manyoya, na nani anapekuliwa bila kulipa. Madume ni kadhaa, majike ni wengi zaidi. Jike asiye mama huweza kumbeba kichanga wa mwenzake. Fuata mpaka umwone anarudishwa kwa nani, usije ukamwandikia mama asiye wake.

6. Hesabu tena jioni
Subiri wakirudi, hasa karibu na barabara kuu. Magari yamewaua wengi hapo kabla ya matuta kuwekwa. Namba mbili zikikataana, usichague inayokupendeza. Andika zote mbili, na kesho alfajiri urudi kwa kundi hilohilo.