Matoke, binyebwa na dodo: sufuria moja, sigiri moja

Nyumba nyingi hapa Bombo, Uganda, zina sigiri moja, yaani jiko moja la mkaa. Mama anapika matoke, anaepua, anabandika binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, anaepua tena, ndipo dodo, mboga ya majani jamii ya mchicha, ipate zamu yake. Cha mwisho kinapoiva, matoke yameshapoa, na matoke yaliyopoa yanakuwa magumu hata mtoto mwenye njaa anayasukuma pembeni. Mkaa nao umeteketea mara tatu. Mimi napika vyote pamoja kwa mvuke, na familia ya watu 6 inakula chakula cha moto kwa wakati mmoja. Fuata hivi.

Hatua ya 1: Chagua na umenye

Nunua ndizi 25 hadi 30, za kijani na zilizonenepa. Zilizoanza kugeuka njano zitakuwa na utamu usioendana na mchuzi. Sokoni uliza jina la mkungu: Nakitembe na Kibuzi zinalainika vizuri. Mbidde ni za pombe, ni chungu, usikubali kuchanganyiwa.

Jipake mafuta kidogo mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, utomvu usikugande. Kila ndizi ukishaimenya itie kwenye beseni la maji, la sivyo itakuwa nyeusi.

Hatua ya 2: Andaa majani

Hapa ndipo kazi ilipo, usikimbilie. Chukua majani ya mgomba yasiyochanika, uoshe, kisha ukate ule uti mgumu wa katikati. Usiutupe. Ukatekate vipande, uvipange chini ya sufuria kama kichanja, umimine maji yafike usawa wa vipande hivyo, yasipande juu. Matoke yaive kwa mvuke. Yakilowa maji yanapoteza ladha.

Majani yenyewe yapitishe juu ya makaa, upande huu na ule, mpaka yang'ae na kulegea. Jani lisilopitishwa motoni litapasuka ukilikunja. Kwa binyebwa chagua jani changa, na uliweke mara mbili, maana tundu dogo tu linatosha kumwaga mchuzi wote.

Wapo wanaofunika matoke kwa kavera, mfuko wa plastiki, ili mvuke usitoke. Nakuomba sana, acha. Mfuko ule haukutengenezwa kwa ajili ya kupikia, na ukipata joto unaweza kuachia kemikali kwenye chakula cha watoto wako. Ukikosa majani shambani, sokoni yapo.

Hatua ya 3: Binyebwa

Mwaga karanga kwenye ungo uzichambue moja moja. Iliyoota ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, tupa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Ndiyo maana napenda kununua karanga nzima na kuzitwanga mwenyewe: zikishakuwa unga huwezi kujua mwenzako alitwanga nini.

Kwa vikombe 2 vya unga tumia vikombe 3 vya maji. Anza na maji ya baridi, kidogo kidogo, huku unakoroga. Maji ya moto yanafanya mabonge. Ongeza nyanya 2 na kitunguu 1 vilivyokatwa vidogo, na chumvi. Ukiwa na mukene, yaani dagaa, ondoa vichwa na mchanga, kaanga bila mafuta mpaka ikauke, halafu changanya humo humo.

Tandaza yale majani mawili ndani ya bakuli, mimina mchuzi, kusanya kingo juu kama mdomo wa gunia na ufunge kwa byayi, kamba za maganda makavu ya mgomba, zilizoloweshwa. Hapo una luwombo, furushi la mchuzi la kupikwa kwa mvuke.

Hatua ya 4: Panga na uwashe

Funga matoke kwenye majani yake, uyaweke juu ya kichanja. Luwombo ikae juu yake, mdomo ukiangalia juu. Funika kwa majani mengine, uyachomeke pembeni, kisha mfuniko.

Moto uwe mkali mpaka usikie maji yanatokota na kuona mvuke, halafu punguza: funga mlango wa sigiri nusu na ufunike makaa kwa majivu kidogo. Pikia nje au penye hewa inayopita. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, hata usipouona.

Acha saa moja na nusu. Katikati sikiliza sufuria. Ikinyamaza, maji yamekauka. Ongeza maji yanayochemka, uyapitishe ukingoni.

Hatua ya 5: Bonyeza

Watoto wasogee. Toa luwombo uiweke kwenye bakuli. Toa furushi la matoke, lizungushie kitambaa kizito, ulibonyeze kwa viganja bila kulifungua, mpaka usisikie bonge ndani. Fanya yakiwa bado ya moto kabisa. Ukichelewa hata dakika chache hayapondeki vizuri. Rudisha furushi, kisha luwombo, kwa dakika 30 nyingine. Wenye haraka huruka sehemu hii, na tofauti unaiona kwenye sahani: yaliyorudishwa yanakuwa laini na ya njano iliyokolea.

Hatua ya 6: Dodo

Ioshe, uikate, utie chumvi na kitunguu, uifunge kwenye kipande cha jani. Iweke juu kabisa zikibaki dakika 15. Nakati, mboga nyingine ya majani, pia inakubali.

Fungulia luwombo mezani, siyo jikoni. Mafuta ya karanga yakiwa yamepanda juu, mchuzi umeiva. Na kabla hujakaa kula, bandika birika: makaa yaliyobaki chini ya majivu yanatosha kuchemsha chai ya wote.