Kabla Hujampa Mfanyakazi Nywila ya Ofisi

Usiniambie biashara yako ni ndogo mno kudukuliwa. Mwaka 2013, wezi walioiba taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40 za wateja wa Target, maduka makubwa ya Marekani, walipitia kwa kampuni ndogo ya mafundi wa majokofu iliyokuwa ikiwahudumia. Waliiba nywila za hao mafundi kwanza.

Basi, ya haraka. Kila mtu awe na akaunti yake. Ile nywila ya wote iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta, ing'oe leo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na hatua ya pili kama namba inayokuja kwenye simu, uanze na barua pepe, maana aliyeishika hiyo anaweza kubadilisha nywila za vingine vyote. Flashi ya kuokota haichomekwi. Kompyuta ikidai kusasishwa, isasishwe: WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilipoangusha mashine duniani Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kinga tangu Machi. Mafaili yawe na nakala nje ya ofisi, na uzijaribu kama zinafunguka. Anayeacha kazi afungiwe akaunti siku hiyohiyo, hata kama mmeagana kwa kukumbatiana.

Sasa lile lililonigharimu.

Kijana wetu wa hesabu alipata barua pepe kwamba sanduku lake limejaa, aingie upya. Akabofya, akaona nembo ileile, akaandika nywila. Ukurasa ukamrudisha mwanzo, naye akashtuka palepale. Angenifuata dakika ile, yangeisha. Hakunifuata. Wiki chache kabla nilikuwa nimemfokea mwenzake mbele ya watu kwa kutuma orodha ya wateja kwa asiyehusika, nikasema atakayerudia achukue begi lake aende. Kwa hiyo kijana akabadilisha nywila kimyakimya, akajiona amepona.

Mwizi alikuwa ameshaweka kanuni ndani ya sanduku: kila barua yenye neno "ankara" inakwenda kwake, kisha inajificha kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Kubadilisha nywila hakuifuti kanuni hiyo. Akatusoma siku 12, akajua tunavyosalimiana na mteja na ankara inatoka lini. Kisha akamwandikia mteja kwa anwani kama yetu, ila penye m aliweka r na n. Hebu tazama: rn. Kwenye simu huoni tofauti. Akaandika: "Tumebadilisha benki, lipa huku." Mteja akalipa, nami nikampigia baadaye kumkumbusha deni, akanitumia risiti.

Tulipoifungua ile folda tulikuta mteja, masikini, aliuliza mara mbili kwenye anwani yetu halisi kama ni kweli tumehama benki. Maswali yote yaliishia humo. Aliyemjibu ni mwizi.

Kwa hiyo: akaunti ya benki ikibadilika, mtu apige simu kuthibitisha, kwa namba mliyokuwa nayo zamani, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Kila mwezi fungua mipangilio ya barua pepe ukague kanuni za kuelekeza ujumbe. Na siku ya kwanza ya kazi mwambie mfanyakazi: ukibofya vibaya, njoo uniambie hata usiku wa manane. Akija, funga mdomo wako. Mshukuru, tena wenzake wasikie. Hili bado linanishinda siku nyingine.

Yakishatokea, benki ipigiwe kabla ya polisi, na kompyuta iondolewe kwenye intaneti bila kufuta chochote.

Bado kuna simu za binafsi zinazosoma barua za ofisi, ziwe na kifunga skrini. Wageni wapewe Wi-Fi yao. Na mtu akipiga simu akijifanya wewe bosi, akitaka pesa zitumwe sasa hivi, hata sauti ikiwa kama yako kabisa, maana sauti huigwa, mfanyakazi awe na ruhusa ya kukata simu na kukupigia yeye.