Kuipima kwa ekografia vali ya aota iliyotoka kwa mtoaji

Mgonjwa aliyerudi Bukavu baada ya kupandikizwa vali ya aota (mlango wa damu kati ya moyo na mshipa mkuu) ya marehemu nje ya nchi aombwe kwanza ripoti ya ekografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwanzo, kwani bila hiyo vipimo vya leo havina cha kulinganishwa nacho. Alale ubavu wa kushoto, kisha Dopla, sehemu ya ekografia inayofuata mwendo wa damu, ipime kasi ya damu ipitayo kwenye vali: ikifikia mita 3 kwa sekunde, ishukiwe kuwa njia imebana. Hata hivyo, vali hizi mara nyingi huharibika kwa kuvuja. Hivyo Dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo huo kwa rangi, itazamwe kwa subira, na shingo ya mkondo unaorudi, yaani sehemu yake nyembamba zaidi, ikizidi milimita 6, uvujaji ni mkali. Upana wa ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenye aota) uandikwe kila mara, hata mgonjwa akisema hajambo, na wengi husema hivyo.