Kimkeka cha kunyonya mkojo kwenye kiti cha mtoto cha gari: ninavyokishona

Wateja huniambia "nishonee pedi ya kiti", nami huwaomba tuiite kimkeka, maana dukani kwangu pedi ni kitu kingine kabisa. Kimkeka ni kwa ajili ya yule mtoto mliyeanza kumwachisha nepi: nyumbani anakimbilia poti vizuri, ila foleni ikikaza, anakojoa palepale alipofungwa mikanda.

Kabla hujagusa mkasi, fungua kijitabu kilichokuja na kiti. Watengenezaji wengi hawataki kitu cha nje kiwekwe chini ya mtoto wala nyuma ya mgongo wake, kwa sababu gari likigongwa kitu kinene hubonyea na mikanda ikalegea. Kijitabu kikikataza, mvalishe nepi ya safari na kimkeka ukitumie kwenye kochi. Kikiruhusu, shona chembamba. Mama akiniomba nitie sponji "mtoto akae raha", namkatalia.

Vitambaa. Juu weka flaneli au fulana ya pamba. Katikati weka taulo, tabaka mbili tu. Taulo la mitumba lililofuliwa mara nyingi ni bora kuliko jipya, limeshamaliza kuruka, yaani kusinyaa. Chini weka PUL, kile kitambaa cha nepi za kufua chenye utando upande mmoja. Ukikosa, kata mpira wa kitanda ule laini wenye kitambaa upande mmoja. Mpira wa kuzalia uliobaki toka hospitali uache: unateleza na unapiga kelele kama mfuko wa chipsi. Fua na kausha pamba na taulo zote kabla ya kukata.

Kipimo. Tandaza gazeti kwenye kalio la kiti, libonyeze hadi kwenye kona, lichore. Kiti nilichopima mwisho kilitoka sentimita 30 kwa 34. Ongeza sentimita 5 kila upande ili kingo zipande kidogo kama sahani. Mkojo hukimbilia pembeni. Kisha tafuta mkanda wa katikati ya mapaja unapotokea. Viti vingi vina matundu mawili au matatu ya mkanda huo, kwa hiyo angalia lile analotumia mtoto sasa, si lile alilowekewa dukani. Toboa gazeti hapo kwa kidole.

Kata pamba na PUL kwa kipimo hicho. Taulo zipunguze sentimita 1 kuzunguka, pindo lisije kuwa nene. Shikiza taulo mgongoni mwa pamba kwa mshono mrefu.

Tundu la mkanda. Hapa ndipo vimkeka vingi vinapovuja. Wengine hupasua kuanzia ukingo wa mbele hadi katikati, rahisi kuvalisha, lakini mtoto wa kiume hukojoa mbele, na ule mpasuko unageuka mfereji. Mimi hufanya tundu lililofungwa pande zote. Pima upana wa kifungio. Changu ni sentimita 6, nikachora mstatili wa 7.5 kwa 1.5.

Laza pamba na PUL uso kwa uso, utando wa PUL ukiwa nje, unakuangalia wewe. Usitumie pini, kila tundu la pini ni njia ya mkojo. Bana kwa vibanio vya nguo. Sindano namba 14, uzi wa polista, mshono wa milimita 3. Utando ukigandia mguu wa cherehani, weka karatasi ya chooni juu yake, shona, kisha ichane. Zungusha mstatili mara moja. Pasua katikati, na ukibakiza sentimita 1 mwishoni geuza mkasi kuelekea kila kona, ukiishia nyuzi mbili kabla ya mshono. Punguza taulo hadi karibu na mshono. Sasa ingiza PUL yote kwenye tundu, itokee upande wa pili. Bonyeza ukingo kwa ukucha, PUL ichungulie juu kwa milimita 2, kama mdomo, upige mshono mmoja wa kuishika. Huo mdomo ndio unaozuia pamba kunyonya na kuvusha mkojo hadi chini.

Pindo. La kwanza nililizungushia kitenge, zuri kupita kiasi. Tulipofika Chalinze kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Pamba ya pindo ilinyonya mkojo kutoka juu na kuushusha nje, polepole, kama utambi wa taa. Tangu hapo natumia utepe wa polista, nauzungusha kwa mshono mmoja, basi.

Jaribu. Kibofu cha mtoto wa miaka 2 hubeba kama mililita 120. Tandaza gazeti, kimkeka juu yake, mimina maji kiasi hicho kuzunguka tundu, kisha weka mfuko wa unga wa kilo 10. Ufunge nailoni kwanza, la sivyo unapika uji. Baada ya dakika 10 gazeti liwe kavu.

Jaribio la pili ni la mikanda. Mfunge mtoto juu ya kimkeka, kaza hadi usiweze kufinya mkanda begani. Mtoe, toa kimkeka, mrudishe bila kugusa urefu wa mikanda. Ukiweza kuufinya sasa, kimkeka ni kinene: fumua, toa tabaka moja la taulo, rudia majaribio yote mawili.

Kufua: suuza kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni ya kawaida. Dawa ya kulainisha nguo huziba taulo lisinyonye, na jiki na pasi huharibu utando. Anika kivulini, na ukiweza shona viwili, maana taulo mbili hazikauki haraka msimu wa masika.