Programu ya kufuatilia maonyesho: anza na siku ya kufunga

Karibu kila anayeniletea wazo la programu ya simu ya maonyesho huwa amekwisha kuchora ramani: nukta nyekundu zimetapakaa mji mzima, kila nukta na maonyesho yake. Ramani inawapendeza wafadhili. Lakini mpenzi wa maonyesho hasumbuki kwa kutojua jumba la makumbusho liko wapi. Kinachomkera ni kufika mlangoni akakuta picha zimeshushwa jana na mafundi wanapaka kuta rangi. Maonyesho yana mwisho, tena mwisho usiomsubiri mtu. Kwa hiyo mimi huanza na tarehe ya kufunga, mengine yanafuata.

Skrini ya kwanza iwe orodha ya maonyesho ambayo mtumiaji ameyahifadhi, yanayokaribia kufungwa yakiwa juu. Kila kadi iwe na jina, mahali na siku zilizobaki, pamoja na picha ndogo pembeni. Wasifu wa msanii ukae ndani, kwa anayeutaka. Usimwandikie mtu tarehe peke yake ukamwachia kazi ya kuhesabu. Andika "Siku 2 zimebaki, mwisho Jumatano".

Hesabu yenyewe ifanye kwa uangalifu. Jumba la Louvre la Paris hufungwa Jumanne. Chukua maonyesho ya pale yanayokwisha Jumatano: Jumatatu asubuhi kalenda itakuambia zimebaki siku 3, ilhali mlango utafunguliwa siku 2 tu. Programu ihesabu milango, isihesabu kalenda. Majumba mengi mengine hupumzika Jumatatu, kwa hiyo kila mahali pawe na siku zake za mapumziko kwenye hifadhidata, pamoja na saa ya mwisho ya kuingia, ambayo mara nyingi huwa kabla ya saa ya kufunga.

Hapo tumeshaingia kwenye hifadhidata, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Usiyaweke maonyesho na mahali katika jedwali moja. Maonyesho husafiri. Hazina za Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, zilionyeshwa British Museum, London, mwaka 1972, na kufikia mwaka 1976 zilikuwa zimeanza ziara ya Marekani, mji hadi mji. Ni maonyesho yale yale, lakini kila kituo kina tarehe zake. Kuna na kinyume chake: documenta, maonyesho ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, yanayofanyika kila baada ya miaka 5 kwa siku 100, hutawanyika katika majengo mengi chini ya jina moja. Kwa hiyo weka jedwali la maonyesho, jedwali la mahali, na katikati yake jedwali la vituo, lenye tarehe ya kufungua na ya kufunga. Mtumiaji anapohifadhi, anahifadhi kituo. Aliyeyakosa mji mmoja ataambiwa yanakokwenda baadaye, na huduma hiyo peke yake inatosha kumfanya asiifute programu yako.

Tarehe ya kufunga ihifadhiwe kama tarehe tupu, bila saa. Ukiiandika kama saa sita usiku kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), mtu aliyeko New York ataona maonyesho yanayokwisha tarehe 14 yanakwisha tarehe 13, kwa sababu kwake bado ni jioni ya jana yake. Mtego wa pili uko kwenye kitufe cha "Weka kwenye kalenda". Katika faili la iCalendar, ambalo programu za kalenda husoma, tukio la siku nzima halihesabu tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Yakifungwa tarehe 14, DTEND (sehemu ya tarehe ya mwisho katika faili hilo) iwe tarehe 15. Ukiandika 14, siku ya mwisho, ambayo ndiyo watu wengi huikimbilia, haitaonekana kabisa.

Tiketi nazo zina mambo yake. Maonyesho ya mchoraji Vermeer pale Rijksmuseum, Amsterdam, mwaka 2023 yalikuwa na michoro 28, yakaendelea hadi tarehe 4 Juni, lakini tiketi zilikwisha siku chache tu baada ya kufunguliwa Februari. Aliyekumbushwa mwezi Mei kwamba zimebaki wiki mbili alipewa taarifa sahihi isiyo na faida. Weka hali ya tiketi kwenye kila kituo: bure, mlangoni, lazima ununue mapema, zimekwisha. Penye ulazima wa kununua mapema, siku ya kuanza kuuzwa ndiyo ya kukumbushia.

Arifa zisizidi mbili kwa kila kituo, nami huchagua wiki mbili kabla na wikiendi ya mwisho. Kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa ya kutuma arifa. Iombe mtu anapohifadhi maonyesho yake ya kwanza, si anapofungua programu, maana wakati huo hana sababu ya kukubali. Kwenye iPhone, arifa zilizopangwa ndani ya simu haziwezi kuzidi 64 kwa programu moja. Mtu wa maonyesho hufikisha idadi hiyo bila kujua, kwa hiyo panga za karibu kwanza, nyingine uziongeze kila anapofungua.

Taarifa utazipata wapi? Mwanzoni mwache mtumiaji aandike mwenyewe: jina, mahali, siku ya mwisho, basi. Baadaye, akibandika kiungo, soma ukurasa husika. Baadhi ya tovuti huweka data ya schema.org (maelezo yaliyopangwa ili kompyuta iyasome) ya aina ya ExhibitionEvent, na hapo endDate, yaani tarehe ya mwisho, inakungoja. Onyesha pia taarifa ilihakikiwa lini, kwa sababu maonyesho huongezewa muda.

Kuhusu mwonekano, fikiria mtu aliyesimama ndani ya ukumbi, mkono mmoja umeshika kipeperushi. Vitufe vikuu viwe chini, kidole gumba kinapofika, kila kimoja kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini ya Android). Kazi za karatasi huangaziwa kwa takriban lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga) ili zisichujuke, hivyo skrini nyeupe katika ukumbi kama huo ni kero kwa kila aliye karibu. Weka mandhari meusi. Kuta nene hukata mtandao, basi orodha na madokezo yakae kwenye simu yenyewe, SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya simu, inatosha.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, ichore kwenye karatasi umpe mtu anayependa maonyesho. Muulize lipi anapaswa kwenda kuona wikiendi hii na lipi linaweza kusubiri. Akianza kuhesabu kwa vidole, rudi kwenye kadi.