Imani hukua ukiwa na mtu wa kukuuliza: mwongozo wetu kutoka Tukuyu

Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu, na ni mzee wa kanisa katika ushirika mmoja wa Moravian wilayani Rungwe. Mwaka wa 9 huu naongoza kikundi cha kusoma Neno kinachokutana sebuleni. Mara nyingi mtu huniuliza swali lile lile nikiwa nampima bega: "Mama, nimebatizwa, nina kipaimara, kanisani sikosi. Mbona sisogei?" Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja.

Kwa kifupi ni hivi. Wengi wetu hatukosi Biblia wala mahubiri. Tunakosa mtu ambaye siku fulani atatutazama usoni na kuuliza: Ulisoma? Umeelewa nini? Lile jambo uliloliombea limefikia wapi? Matendo 2:42 inasema waamini wa kwanza walidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali. Hayo yamefungwa mstari mmoja. Nimewaona waliojaribu kuchukua mojawapo na kuacha mengine, hawakufika mbali. Mmoja wao ni mimi.

Hatua ya 1: Tafuta mtu mmoja kabla ya kutafuta kikundi

Awe wa jinsia yako, awe karibu kiasi cha kuonana naye bila nauli, na asiwe mwepesi wa kukuhukumu. Wangu wa kwanza alikuwa mama anayeuza ndizi mbele ya kibanda changu. Tulipatana kwamba kila Jumamosi, kabla hajapanga mikungu yake, ataniuliza nimesoma nini wiki hiyo, nami nitamuuliza yeye.

Jumamosi ya pili nilikuwa sijasoma hata aya moja. Kulikuwa na sare za shule za kumalizia, nikajiambia Mungu anaelewa. Aliponiuliza nikaona aibu, nikamwambia ukweli. Hakunisema. Alitoa Biblia kwenye mfuko wake wa plastiki, akasema, "Basi tusome sasa." Tulisoma Marko 2 tumesimama chini ya bati, mvua inapiga hata ikabidi anisogelee sikioni. Tangu siku hiyo sijawahi kufika Jumamosi mikono mitupu.

Kama mtu wa namna hiyo humpati kwa haraka, mwombe mzee wa kanisa au mama mchungaji akupatie. Wao wanawajua watu.

Hatua ya 2: Andaa vitu vichache

Biblia, kaunta buku na kalamu vinatosha. Tafsiri ya Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ndiyo iliyokaa vichwani mwa wengi wetu, na mistari tuliyofundishwa darasa la kipaimara ni ya humo. Habari Njema ina Kiswahili chepesi, inamfaa anayeanza. Nyumba yenye zote mbili imebarikiwa, maana pale moja inapokuzuia nyingine inakufungulia. Programu ya Biblia kwenye simu pia ni nzuri, hasa ile inayosomeka bila bando. Ila simu ina meseji zake. Mimi ninaposoma naiacha chumbani.

Hatua ya 3: Soma kidogo, kila siku, kitabu kimoja hadi mwisho

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, ni fupi kuliko Injili nyingine, na haikuzungushi. Sura moja kwa wiki inatosha. Igawe vipande vidogo, kila siku kipande chake. Kisome mara mbili, mara ya pili kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni. Sikio husikia kitu ambacho jicho liliruka.

Kisha kwenye kaunta buku andika tarehe, mstari mmoja uliokugusa, na swali moja. Hilo swali naliona ni la maana kuliko vyote. Mtu asiye na swali huwa amesoma kwa haraka au anaogopa kuonekana hana imani. Katika Marko 9 kuna baba aliyemlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumfukuza. Andika swali lako kama lilivyo. Usikimbilie kulitafutia jibu kwenye video siku hiyo hiyo. Kaa nalo, ulilete kwa wenzako.

Saa yangu ni 11 na nusu alfajiri, chai ikiwa jikoni. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huku si ya mchezo, najifunga blanketi. Wenzangu wanaochuma chai upande wa Katumba hutoka mapema mno, wao husoma jioni wakishapika. Saa yoyote inafaa mradi iwe ni ile ile.

Ukikosa siku tatu, usirudi nyuma kulipa deni. Soma ya leo. Nimeona watu wenye nia njema kabisa wakiifunga Biblia moja kwa moja kwa sababu ya sura walizodaiwa.

Hatua ya 4: Ingia kwenye kikundi, au anzisheni

Kwanza angalia kama kikundi tayari kipo. Ndugu zetu Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, jambo ambalo maaskofu wa Afrika Mashariki walilipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, na nyingi hukutana Jumamosi asubuhi. Walutheri wa KKKT wana jumuiya zao mitaani, nasi tunazo. Ikiwa jumuiya yako imebaki kukusanya michango na kusoma matangazo, usiikimbie. Mwombe mwenyekiti nusu saa ya Neno kabla ya michango. Ndivyo tulivyoanza sisi.

Mchungaji ajue tangu siku ya kwanza. Kikundi kinachokutana bila yeye kujua huanza kunong'onwa kuwa ni kanisa jipya, na minong'ono hiyo itawachosha kabla hamjafika Marko 3.

Watu 6 hadi 12 ni idadi nzuri. Tunaanza wiki ya kwanza ya Juni. Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili njia zetu za mteremko huwa utelezi mtupu, wazee hawawezi kuzipita jioni. Tukianza Juni, kwa sura moja kwa wiki, katikati ya Septemba Marko imekwisha na mvua bado haijarudi.

Nyumba zizunguke, ila wekeni kanuni ya chakula: chai na kitu kimoja tu, ndizi au viazi. Tuliiweka kwa kuchelewa. Nyumba moja ilipika wali na nyama, ya pili ikaongeza soda, na mama mjane aliyefuata akaomba zamu yake irukwe. Alisema ana mgeni. Hakuwa na mgeni.

Hatua ya 5: Endesheni jioni yenyewe

Tunakutana Jumatano kuanzia saa 11 hadi saa 12 na nusu, na hatuongezi. Katika Matendo 20 Paulo aliendeleza maneno hadi usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo alipewa neema ya kumrudisha hai. Mimi nawaheshimu watu wanaorudi nyumbani gizani.

Tunaimba wimbo mmoja, mtu anaomba kwa ufupi, kisha sura inasomwa yote kwa sauti, kila mmoja aya zake. Asiyejua kusoma haombwi kusoma wala hatajwi. Anayefuata anaendelea tu. Halafu kila mtu anafungua kaunta buku lake na kutoa swali. Kiongozi hahubiri. Nalirudia hili kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapofia: kiongozi akishasimama na kukunja mikono ya shati, wengine wanarudi kuwa wasikilizaji.

Nikupe mfano wa jioni moja. Tulikuwa Marko 4, dhoruba ziwani. Union Version inasema Yesu "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Mtoto wa mwenye nyumba, binti wa darasa la nne, akauliza, "Alilalaje juu ya mto bila kuzama?" Yeye alikuwa anauona mto Kiwira. Tukamweleza kwamba huu ni mto wa kulalia. Kisha mtu mzima mmoja akakiri kwamba kwa miaka yote naye alikuwa anapita hapo bila kuelewa, na kwamba shetri hajui ni kitu gani. Mimi pia nilikuwa sijui.

Aliyetujibu ni kijana wa bodaboda aliyekulia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwa kawaida hukaa karibu na mlango na hasemi. Alisema shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, na katika mtumbwi wao nyuma ndipo anapokaa mwenye kafi ya kuongozea. Akatueleza upepo wa mwera unavyovuma, jinsi mawimbi yanavyofunika mtumbwi na watu wanavyoanza kupigiana kelele. Kikao kizima kilimsikiliza. Ndipo bibi mmoja, ambaye hasomi lakini anakumbuka sura nzima akisikia mara moja, akasema polepole, "Kumbe alikuwa amelala pale pale panapoongozewa chombo." Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Nimesikia mahubiri mengi juu ya dhoruba ile, na hakuna lililonifikia kama sentensi ya yule bibi.

Ndiyo maana nasema usisome peke yako tu. Neno lililonifunga mimi lilikuwa wazi kwa kijana wa bodaboda, naye asingelisema kama mtoto asingeuliza.

Swali lisilopata jibu liandikwe, lipelekwe kwa mchungaji. Msilazimishe jibu ili mwende nyumbani mmeridhika. Na kabla ya kufunga, kila mmoja aseme jambo moja atakalolifanya kabla ya Jumatano ijayo, dogo na la kuonekana: kumtembelea mgonjwa fulani, kurudisha pesa ya mtu, kuongea na ndugu aliyenuniwa. Jumatano inayofuata tunaanzia hapo. Ulikwenda?

Hatua ya 6: Ombeaneni kwa daftari, na mtunze siri

Daftari la maombi tunaliandika kwa safu mbili. Kushoto tarehe na jambo, kulia panabaki wazi hadi tuone Mungu amefanya nini. Kila mwisho wa mwezi tunasoma kulia. Pengine tunaandika "amepona," pengine "amefariki, tumemzika, Mungu amtunze mama yake." Mambo mengine yamekaa wazi miaka 3. Hatuyafuti.

Sasa jambo linaloniuma. Mwaka wa pili dada mmoja alituambia habari za ndoa yake huku akilia. Jumapili iliyofuata, kanisani, nikapewa nafasi ya kuongoza sala ya pamoja, nikamtaja: "Bwana, mkumbuke dada yetu, mrudishie mume wake nyumbani." Niliomba kwa moyo wote. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua, na yeye hakurudi tena kwenye kikundi. Nilikwenda kwake kuomba radhi, akanisamehe, lakini kiti chake kilibaki kitupu. Tangu hapo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba lililosemwa sebuleni haliombewi mahali pengine kwa sauti, hata bila kutaja jina. Mtaa ni mdogo, watu watajumlisha wenyewe.

Pia tunamwombea mgonjwa na kumsindikiza hospitali. Asiambiwe na mtu yeyote aache dawa ili kuonyesha imani. Mtu akisema hivyo kwenye kikundi chako, kiongozi alisahihishe hapo hapo, mbele ya wote.

Itafika siku sala imekauka, unafungua kinywa na hakuna kitu. Usijitungie furaha. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Aliyeandika vile alikuwa bado anaongea na Mungu, na wewe pia. Mwambie yule mtu wako wa Jumamosi, yeye aombe na wewe uitikie amina tu. Kwangu msimu wa namna hiyo ulidumu tangu mazishi ya baba hadi mavuno, na yule mama wa ndizi ndiye aliyenibeba.

Hatua ya 7: Wekeni mnyororo wa usiku

Hili tumelichukua kwa wazee wetu. Mwaka 1727, kule Herrnhut, Ujerumani, Wamoravian 24 wanaume na 24 wanawake walipeana saa za kuomba, usiku na mchana bila kukatika, na zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Wamisionari waliofika hapa Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa hilo. Nikiwaza kwamba kuna mtu alikuwa macho akiomba muda mrefu kabla babu zetu hawajalisikia jina la Yesu, siwezi kuona saa moja ni nyingi.

Sisi tunafanya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi: nyumba 12, kila nyumba saa moja. Wenye watoto wadogo wapewe saa za mwanzo. Kila nyumba inakuwa na nakala ya mambo kutoka daftari, Zaburi moja ya kusoma, na namba ya anayefuata. Ukimaliza saa yako unampigia bipu. Asipojibu, piga tena hadi aamke, maana usingizi wa saa 8 usiku ni mzito na hakuna wa kulaumiwa. Tuliamua kutumia bipu kwa sababu wengi wana vitochi, na bipu haili salio.

Saa yangu ni 9 usiku. Simu inaita mara moja na kukatika. Ni yule mama wa ndizi amemaliza. Nawasha taa, au mshumaa umeme ukiwa umekatika, naanza na jina la kwanza kwenye orodha. Ikifika saa 10 nampigia bipu kijana wa Matema. Yeye hurudisha bipu moja, nami najua ameshaamka.